Mpaka Mgeni Atikise Finjani

Binti yangu aliingia mbio, begi la shule bado mgongoni, akanambia kapata sehemu kwenye mchezo wa Idi. Alikuwa na miaka minane na meno mawili ya mbele hana. "Mie ndiye ninayefungua mlango, mama," alisema. Nilikuwa nimekaa chini jikoni namenya viazi vya futari. Nikamwuliza mlango wa nani. Akasema mlango wa nyumba kubwa, asubuhi ya Idi, watoto wanakuja na wakubwa wao kupewa mkono wa Idi, na yeye ndiye kadama wa nyumba ile. Anafungua, anapitisha udi, anamimina kahawa, kisha anasimama pembeni mpaka mwisho.

Kadama ndivyo wanavyoitwa wafanyakazi wa ndani huku Doha. Jina hilo nalijua vizuri, nimeitwa miaka saba. Nilitoka Unguja na begi moja nikaingia kwenye nyumba ya mama mmoja mzee na wanawe, nikapika, nikafua, nikapokea wageni, mpaka nikaolewa na dereva, mtu wa Tanga, ambaye tajiri wake alimkubalia kukaa na mke. Tukapanga chumba na sebule Al Rayyan, kwenye jumba lililokatwakatwa wakaingia familia tano. Kazi za watu nikaacha. Nikawa nakaanga maandazi na kupika chapati, wateja wangu walinzi na watu wa hotelini. Mtoto alipofika umri wa kusoma, akapata nafasi kwenye shule waliyosoma watoto wa tajiri wa mume wangu, na aliyemwombea nafasi ni tajiri mwenyewe. Hilo mume wangu hakuchoka kunikumbusha.

Basi nikamwuliza binti yangu nani kapewa kuwa bibi wa nyumba, nani kapewa kuwa mgeni, nani wamepewa kuwa watoto. Akanitajia mmoja mmoja kwa furaha. Darasa lilikuwa na watoto ishirini na kitu. Weusi walikuwa wawili, wangu na mvulana mmoja, na yule mvulana kapewa kubeba zulia. Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Damu ilinichemka mpaka nikajikata kidole, na viazi vya siku ile vilipikwa na mume wangu.

Yeye alisikiliza mpaka adhana ikaadhiniwa, akachukua tende, akasema, "Bibie, tulia. Huo ni mchezo wa watoto tu."

Nikamwambia kwenye michezo ya watoto ndiko watu wazima wanakosema yaliyo moyoni mwao. Akasema nikienda kugombana shuleni, maneno yatafika kwa tajiri kabla mie sijafika nyumbani.

"Na yafike," nikasema.

Aliyeninyamazisha ni mtoto mwenyewe. Nilipomwambia kesho nitakwenda kwa mwalimu nikamtoe kwenye sehemu ile, apewe nyengine, alinishika mkono. "Kwani ni mbaya?" akauliza. "Si ndiyo kazi uliyokuwa ukifanya wewe?"

Nikimtoa, nimemwambia kwa kinywa changu kwamba mama yake alifanya kazi ya aibu miaka saba. Nikimwacha, nimewakubalia wale watu wamwonyeshe mahali pake angali na miaka minane. Nimegombana na watu wengi maishani mwangu, na mara nyingi nilijua nasimama upande gani. Mara hii sikujua, na hilo lilinikasirisha kuliko mchezo wenyewe.

Hata hivyo nilikwenda. Ramadhani miaka ile, katikati ya miaka ya elfu mbili, iliangukia majira ya vuli, wakati kwetu watu wanasubiri mvua, na Doha mvua hakuna lakini joto linaanza kuregea kidogo na mtu anaweza kutembea nje asubuhi bila kujutia. Nilitembea nikiyapanga maneno yangu. Kiingereza changu nilijifunza nyumbani mwa watu, lakini kwa kugombana kinatosha.

Niliwakuta ukumbini wanafanya mazoezi. Mwalimu alikuwa mwanamke wa Kizungu, mpole, sauti ya chini, mtu ambaye ukimfokea utaonekana wewe ndiye mkorofi. Akanambia binti yangu ana heshima na tabasamu zuri, na sehemu ile imemkaa vizuri. Alikuwa na aproni nyeupe mkononi, ya kumvalisha. Nikavuta pumzi nimpe vidonge vyake.

Pale pale binti yangu akaanza kumimina. Dele, birika la kahawa, kalishika mkono wa kulia, finjani mkono wa kushoto, na ndani mlikuwa na maji tu ya mazoezi. Akamimina mpaka finjani ikafura, maji yakamwagika kwenye mkeka. Watoto wawili wakacheka. Mwalimu akapiga makofi akasema vizuri sana.

Wallahi sikuweza kuvumilia. "Sivyo," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Nikapanda jukwaani na baibui langu, nikamwondolea mtoto dele. "Dele linashikwa mkono wa kushoto. Finjani mkono wa kulia, kwa sababu mtu hupewa kitu kwa mkono wa kulia. Kahawa isifike nusu. Ukiijaza finjani umemwambia mgeni anywe aende zake. Unaanza na mkubwa kuliko wote. Ukishampa, unasimama, hukai, hutazami pembeni. Akikurudishia finjani bila kuitikisa, unammiminia tena. Akiitikisa, ametosheka. Asipotikisa, wewe huna ruhusa ya kuondoka."

Nilikuwa namimina huku nasema, na mkono ulikwenda wenyewe. Ule uzi wa maji uliteremka bila tone kutoka nje. Mwalimu akaniuliza kwa adabu nimejifunzia wapi.

"Kazini," nikamjibu. "Nilikuwa kadama miaka saba. Na siku ya Idi hatuvai aproni. Tunavaa nguo mpya kama watu wengine."

Akaikunja aproni akaiweka chini. Kisha akaniuliza kama nitakuwa radhi kumfundisha mtoto mpaka siku ya mchezo. Nami mpumbavu nikasema ndiyo. Nilikwenda kumtoa, nikatoka nimemtia zaidi. Njia nzima ya kurudi nilijisema vibaya mwenyewe. Lakini nilipofika mlangoni kwetu nilikuwa nimeshaamua: kama kadama ndiye wanayemtaka, watamwona kadama anayejua kazi yake, na wakae sawasawa kwenye viti vyao.

Tukaanza mazoezi, kila siku baada ya alasiri, futari ikiwa motoni. Nilikuwa na dele langu la shaba, nililopewa na yule mama mzee siku niliyoaga kazini, na finjani sita. Mume wangu alikaa kwenye mto akawa mgeni, anajifanya anakunywa maana tumefunga. Mwanzoni alinuna. Siku ya tatu akaanza kunogewa, akawa anajikohoza kama tajiri, anamwuliza mtoto habari za ngamia. Binti yangu alilalamika mkono wa kushoto unamuuma. Nikamwambia wangu uliuma mwaka mzima wa kwanza, kisha ukaacha.

Siku moja akataka kujimiminia mwenyewe, acheze mgeni. Nikamkataza. "Watoto hawamiminiwi kahawa. Kahawa ya wakubwa. Nyumba ile hata wajukuu wa mwenye nyumba walipewa juisi."

Akafikiri kidogo. "Na wewe nani alikuwa akikumiminia?"

"Hakuna. Anayemimina hanywi."

"Hata wageni wakishaondoka?"

"Wakishaondoka mie nimechoka na kahawa imepoa. Naimwaga, naosha vyombo."

Alinyanyua dele akaanza tena kwa baba yake, mkono wa kushoto umenyooka vizuri. Mie nikaenda kugeuza sambusa zisiungue.

Idi ikaja. Tuliamka alfajiri, tukaswali uwanjani na watu wa kila nchi, tukarudi kwenye biriani na kaimati na tambi za sukari. Gauni la mtoto nilimshonea mwenyewe, rangi ya ndimu, na marinda matatu. Jirani yetu wa chumba cha pili alikuja kula kabla ya zamu yake. Alikuwa Mkenya, mtu wa Nakuru, Mkristo, mlinzi wa duka moja kubwa, na ilikuwa ada yetu: Idi anakula kwetu, Krismasi tunakula kwake. Alikaa na sare zake za kazi, na binti yangu, ambaye kwa wakati ule alikuwa akimmiminia kahawa hata mtu wa kusoma mita ya umeme, akamletea finjani.

Akanywa, akashukuru, akamrudishia. Mtoto akammiminia tena. Akanywa. Akamrudishia. Akamiminiwa. Mie nilikuwa jikoni sikuona. Nilipotoka na sahani ya kaimati nikamkuta jirani yangu katoa macho, mtoto kasimama mbele yake wima kama askari.

"Mama, saidia," jirani akanambia. "Hii ni ya tisa. Huyu mtoto wako ananimaliza. Nakunywa nikidhani nikimaliza ataenda, na haendi."

"Mbona hutikisi finjani?"

"Kutikisa nini? Si ungesema mapema!"

Tulicheka mpaka mume wangu akatoka nje kuvuta pumzi. Nikamwonyesha jirani: unaishika kwa vidole viwili, unaitikisa kulia kushoto mara mbili tatu, basi. Akaitikisa kwa nguvu zote. Binti yangu akaipokea, akarudi nyuma hatua moja kama nilivyomfundisha. Jirani akajishika tumbo akasema leo hata mwizi akipita dukani hatamkimbiza. Kisha akanitazama, maana mambo yote ya mchezo ule nilikuwa nimeshamweleza, na hasira zangu zote.

"Unajua nini," akasema, "siku hiyo wewe nenda ukakae mbele. Mbele kabisa. Wakuone."

Nikamwambia nitakaa mbele, nani atanizuia.

Mchezo ulifanywa wiki ya kwanza baada ya likizo ya Idi, alasiri, kwenye uwanja wa shule, jua limeshalainika na upepo unapiga vizuri. Mwalimu alisema dele litakuwa tupu, watoto wajifanye wanamimina. Mie nilichemsha kahawa ya kweli, ya hiliki na zafarani, nikalijaza dele mpaka mdomoni na nikamkabidhi binti yangu nyuma ya pazia pamoja na finjani zote sita. Sikumwomba mtu ruhusa. Kama mtu anamimina, basi amimine.

Kwenye mlango wa uwanja alisimama mwanamke wa shule na karatasi ya majina. Alinitazama uso, hata karatasi hakuitazama, akaninyooshea kidole benchi la nyuma kabisa, ukutani, walikokaa makadama waliokuja na watoto wadogo wa mabosi wao. Nikamwambia mie mzazi. Akasema, "Nyuma, tafadhali," na akampokea mama aliyenifuata kwa tabasamu.

Siku nyengine uwanja ule ungenisikia. Lakini binti yangu alikuwa akichungulia kwenye pazia, gauni lake la ndimu linaonekana, na kama kuna kitu nilichokitaka siku ile ni yeye asinione nikivutana na mtu mlangoni. Nikamtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa getini na madereva wenzake, kaliona lote, kainamisha kichwa. Mstari wa mbele niliiona familia ya tajiri wake, na mama yake tajiri, bibi mzee mwenye barakoa ya wanawake wa Kiarabu usoni, kakalishwa katikati. Nikaenda nikakaa kwenye lile benchi. Walikuwa wanawake sita, mie wa saba. Aliyekaa kulia kwangu, wa Ufilipino, alikuwa na mtoto wa watu kalala mapajani. Akanisogezea nafasi. Nilikaa nasema moyoni, haya, mama yake kadama kakaa na makadama, wamefurahi sasa.

Mchezo ukaanza. Mlango ulikuwa wa boksi lililopakwa rangi. Ukagongwa, binti yangu akafungua, akakaribisha. Akapitisha chetezo cha udi kwa kila mgeni, chini ya kidevu, polepole, kama inavyotakiwa. Wageni wakakaa, watoto wenzake, wengine wamebandikwa ndevu za pamba. Akaweka chetezo, akanyanyua dele mkono wa kushoto, finjani kazipanga mkono wa kulia. Mwalimu pembeni akamwashiria: mimina.

Hakumimina. Aliwatazama wale wageni, na mie namjua anavyokunja mdomo akiwa anafikiri. Alikuwa anatafuta mkubwa wa kuanza naye. Pale jukwaani mkubwa hakuwepo, palikuwa na watoto wa miaka minane wenye pamba kidevuni, na watoto hawamiminiwi kahawa. Akageuka, akashuka ngazi.

Mwalimu alimwita kwa sauti ya chini. Yeye kaenda moja kwa moja kwa yule bibi mwenye barakoa, akammiminia chini ya nusu, akampa kwa mkono wa kulia. Bibi aliipokea akidhani ni tupu. Alipoonja nikamwona kanyanyua kichwa. Akamwuliza kwa Kiarabu, na sauti yake ilifika mpaka nyuma, nani kakufundisha.

"Mama yangu," akajibu.

"Yuko wapi?"

Mikono ya mtoto ilikuwa imejaa. Akaonyesha kwa kidevu, benchi la ukutani. Mstari wa mbele wote ukageuka, kisha wa pili, kisha uwanja mzima. Mume wangu getini alinyanyua kichwa. Bibi akanywa, akaitikisa finjani yake taratibu, akamrudishia, akamwambia, "Basi nenda kwake."

Na yeye akaja. Kutoka mbele mpaka nyuma zilikuwa labda hatua thelathini. Alipita mstari wa akina mama, akapita mstari wa walimu, akampita yule mwanamke wa karatasi, akasimama mbele yangu wima, miguu imekutana. "Karibu, mama," akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya jukwaani.

Niliipokea kwa mkono wa kulia. Ilikuwa kahawa yangu mwenyewe, niliyoichemsha kwa mikono yangu mchana ule, na katika miaka yote ile sikuwahi kujua inakuwaje ukiletewa umekaa. Machozi yalinitoka, sioni haya kusema, na sikuyafuta. Nilikunywa. Nikamrudishia finjani bila kuitikisa.

Akamimina ya pili. Jukwaani wale wageni wa pamba walikuwa wamekaa wanasubiri, mmoja ndevu zimemwanguka. Yule mwanamke wa karatasi akaja mpaka kwangu, akainama, akanambia mchezo wote unasubiri.

"Naona," nikamwambia, nikainywa, nikairudisha finjani bila kuitikisa. Binti yangu akamtazama yule mwanamke, akanitazama mie, na sheria aliijua. Akamimina ya tatu. Hiyo niliinywa polepole kuliko zote, kisha ndipo nikaitikisa, mara tatu, vizuri, kila mtu aone inavyofanywa.

"Sasa anza na huyu," nikamwambia, nikimwonyesha wa kulia kwangu. "Kisha yule wa pili yake, mpaka uishilize benchi."

Mwenzangu wa Ufilipino alimhamishia mtoto wa watu mkono wa pili, akanyoosha wa kulia. Wote sita walikuwa wamemimina kahawa miaka na miaka, hapakuwa na mtu uwanjani aliyeijua sheria ile kuwashinda wao, na hakuna hata mmoja aliyetikisa finjani ya kwanza.